Bonde Lililojaa: Kisa cha Nukta Kwanta Iliyopitisha Umeme Ilipotakiwa Kufunga

Chukua mchoro mmoja tu. Mhimili wa chini ni volteji ya geti, yaani kipande cha chuma kinachoziongoza elektroni za kifaa, mhimili wa kusimama ni upitishaji wa umeme. Mstari unakwenda kwa vilima na mabonde: unapanda ghafla, unaporomoka, unatambaa chini kwa muda, kisha unapanda tena. Umepimwa kwenye kifaa kidogo kuliko bakteria, kikiwa kwenye baridi ya karibu kelvini 1, yaani digrii moja tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Mpaka hapo hakuna cha kushangaza, kwa kuwa kila anayesoma nukta kwanta, yaani kidimbwi kidogo cha elektroni kilichofungiwa ndani ya fuwele, huanza na mchoro huo.

Sasa kipoze kifaa hadi sehemu ya kumi ya kelvini, kisha uendelee kushuka. Bonde la kwanza linakauka, kama lilivyotarajiwa. La pili linaanza kujaa. La tatu linakauka. La nne linajaa. Ukienda kwenye baridi ya kutosha, na kuta za kifaa zikiwa zimepangwa sawasawa, bonde la pili huinuka mpaka likawa sawa na vilima vilivyolizunguka, na pale palipokuwa na shimo panakuwa uwanda.

Ninakichambua kisa hiki kwa sababu mafunzo mengi kuhusu elektroni zinavyosukumana huishia nusu ya njia. Mwanafunzi huambiwa kwamba ndani ya nukta kwanta elektroni hukataana, na kukataana huko huzuia mkondo. Ni kweli, lakini msukumano huohuo, bila kuongezewa kitu kingine chochote ila baridi, ndio unaokuja kuufungua mlango uliokuwa umeufunga. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na sijui mahali pengine katika fizikia ambapo msemo huo unakaa vizuri kama hapa.

Kifaa chenyewe

Nukta kwanta inayozungumzwa hapa haikukatwa kama kipande cha kitu. Ilichorwa kwa volteji. Ndani ya fuwele yenye matabaka, moja la galiamu aseniti na jingine la galiamu aseniti iliyochanganywa na alumini, elektroni hujikusanya kwenye mpaka wa matabaka hayo na kuwa utando mwembamba. Zinaweza kusogea mbele na nyuma, kushoto na kulia, lakini si juu wala chini. Juu ya uso wa fuwele hupakwa vipande vidogo vya chuma, nayo ndiyo mageti. Geti likipewa volteji hasi, elektroni zilizo chini yake hufukuzwa. Yakipangwa vizuri, mageti hayo huacha kidimbwi kidogo cha elektroni katikati, kilichotengwa na utando uliobaki kwa kuta mbili, moja kila upande. Geti jingine pembeni hutumika kuamua kidimbwi kibebe elektroni ngapi.

Kuta hizo si kuta za kuzuia kabisa. Elektroni huweza kuzipenya, na kasi ya kupenya hutegemea volteji uliyoyapa mageti. Hapa ndipo uzuri wa kifaa hiki ulipo. Katika kipande cha chuma, maumbile ndiyo yanayoamua atomi zishikamane kwa nguvu gani. Katika nukta kwanta mtafiti anazungusha kitufe tu.

Kundi la chuo cha MIT, Marekani, likishirikiana na Taasisi ya Weizmann ya Israeli, akiwemo David Goldhaber-Gordon na Marc Kastner, lilitengeneza kifaa cha namna hiyo chenye nukta ya kipenyo cha nanometa 100 hivi, likachapisha matokeo yake mwaka 1998. Mwaka huohuo kundi la Delft, Uholanzi, likiwa na Sara Cronenwett, Tjerk Oosterkamp na Leo Kouwenhoven, likatoa matokeo yanayofanana kutoka kifaa kingine. Nadharia ilikuwa imetangulia miaka kumi: mwaka 1988 Glazman na Raikh kwa upande mmoja, Ng na Lee kwa upande wa pili, walishatabiri kwamba jambo hili litaonekana. Kwa nini basi ikachukua miaka kumi? Jibu limo kwenye namba, nami nitazifikia.

Bonde linatokeaje

Kabla ya kuuliza kwa nini bonde lilijaa, ni lazima tujue kwa nini bonde lipo.

Kuingiza elektroni moja kwenye kidimbwi kunagharimu nishati, kwa sababu zilizomo ndani zinaisukuma itoke. Gharama hiyo ni mraba wa chaji ya elektroni kugawanya kwa kapasitansi ya nukta, yaani uwezo wake wa kubeba chaji. Kisahani chenye nusu kipenyo cha nanometa 50 ndani ya galiamu aseniti, kikiwa peke yake, kina kapasitansi ya takriban atofaradi 46, na gharama inakuwa milielektronivolti 3.5 hivi. Kwenye kifaa halisi kuna mageti jirani yanayoongeza kapasitansi, kwa hiyo gharama hushuka. Kwa nukta ya MIT ilikuwa karibu milielektronivolti 1.9. Tuiite U.

Namba hiyo ni ndogo machoni. Lakini igeuze iwe jotoridi, utapata kelvini 22. Chini ya hapo, elektroni iliyo nje haina nishati ya kutosha kulipia kiingilio. Inagonga, inarudi. Hicho ndicho kizuizi cha Coulomb, na hilo ndilo bonde: eneo la volteji ya geti ambamo idadi ya elektroni ndani imekwama kwenye namba kamili, hakuna inayoingia wala kutoka. Kilima hutokea pale tu geti linapofanya gharama ya kuwa na elektroni N ilingane na ya kuwa na N+1. Hapo moja huingia, moja hutoka, na mkondo unapita, elektroni mojamoja.

Haya yalikuwa yamekwisha kuthibitishwa. Fulton na Dolan wa Bell Labs waliona athari za chaji ya elektroni mojamoja mwaka 1987 kwenye viungio vidogo vya alumini. Mwaka 1989 Scott-Thomas na wenzake wa MIT wakaona upitishaji ukipanda na kushuka kwa mpangilio kwenye nyaya nyembamba za silikoni. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 kizuizi cha Coulomb kilikuwa somo la kawaida.

Kuna dalili moja ndogo inayopitwa kirahisi na mtazamaji wa haraka. Mabonde hayalingani upana. Jembamba, pana, jembamba, pana. Sababu ni kwamba kila ngazi ya nishati ndani ya nukta ina nafasi mbili, moja kwa elektroni yenye spini (usumaku mdogo wa asili wa elektroni) ya juu na moja kwa yenye spini ya chini. Elektroni ya pili ikiingia kwenye ngazi ambayo tayari ina moja, inalipa U peke yake. Ya tatu inakuta ngazi imejaa, hivyo inalipa U na juu yake nishati ya kupanda hadi ngazi inayofuata. Kwa hiyo bonde jembamba ni bonde la idadi witiri: ndani yake kuna elektroni moja isiyo na mwenzake, spini yake ikiwa huru. Bonde pana ni la idadi shufwa: wote wamepata wenza, na spini zimefutana.

Sasa rudi kwenye mchoro. Mabonde yanayojaa ni yale membamba.

Washukiwa

Mtafiti mwaminifu anapoona upitishaji unapanda mahali ulipotakiwa kushuka, hukimbilia kwanza kulaumu kifaa. Huenda kuna njia ya pembeni, elektroni zinavuja bila kupita kwenye nukta. Lakini uvujaji haujui kuhesabu. Hauwezi kuchagua mabonde witiri na kuacha shufwa. Mshukiwa huyu anaachiwa mapema.

Mshukiwa wa pili ana uzito zaidi. Sheria za kwanta zinaruhusu elektroni kukopa nishati kwa muda mfupi sana, mradi irudishwe. Elektroni moja inatoka kwenye nukta kwenda kulia na wakati huohuo nyingine inaingia kutoka kushoto. Hali ya katikati imekatazwa, lakini inadumu kwa muda wa takriban ħ (namba thabiti ya Planck kugawanya kwa 2π) kugawanya kwa U, yaani sehemu ya pikosekunde, na mwisho wa safari hesabu ya nishati inalingana. Averin na Nazarov waliichambua njia hii ya kupenya kwa pamoja mnamo 1990. Inapitisha mkondo kidogo hata ndani ya bonde, na ipo kwenye mabonde yote.

Je, inaweza kueleza kujaa? Hapana, na kinachoihukumu ni jotoridi. Sehemu moja ya mchango wake hupungua kwa mraba wa jotoridi kifaa kinapopoa, na sehemu nyingine haibadiliki kabisa. Hakuna hata moja inayoongezeka baridi inapozidi. Hii ndiyo sababu kupima kwenye jotoridi moja hakutoshi. Ukikuta upitishaji mkubwa kwenye bonde hujajua lolote bado. Kinachotoa ushahidi ni mwelekeo wake unapopoza.

Mshukiwa wa tatu ni ngazi ya kawaida iliyo pana kiasi cha kufunika bonde zima. Ikiwa kuta zimelegea mno, vilima viwili vinaweza kuvimba mpaka vikagusana. Lakini vilima vya namna hiyo hukaa palepale ukipoza, au huzidi kuchongoka na kuliacha bonde likizama zaidi kati yao. Hapa bonde linainuka.

Anabaki mmoja.

Jambo la zamani kwenye dhahabu

Mwaka 1934, mjini Leiden, de Haas, de Boer na van den Berg walipima ukinzani wa dhahabu kwenye baridi kali. Ukinzani ulishuka kama kawaida, ukafika chini, kisha ukaanza kupanda tena kwenye kelvini chache za mwisho. Fumbo hilo lilikaa miaka 30. Mwaka 1964 Jun Kondo wa Japani alionyesha kwamba lawama ni ya atomi chache za sumaku, kama za chuma, zilizojificha ndani ya dhahabu. Kila atomi hiyo hubeba spini isiyo na mwenzake. Elektroni inayopita inaweza kubadilishana spini nayo, na Kondo alipoisukuma hesabu hatua moja zaidi ya pale wengine walipoishia, alikuta mchango unaokua kadiri ya logarithimu ya jotoridi jinsi linavyoshuka.

Hesabu yake ilikuwa na kasoro aliyoiona mwenyewe: ukizidi kupoza, jibu linakwenda kwenye ukomo usio na mwisho, jambo lisilowezekana. Kenneth Wilson aliitibu kasoro hiyo mwaka 1975 kwa njia ya kuhesabu nishati ngazi kwa ngazi, kutoka kubwa kwenda ndogo. Picha iliyotoka ni hii: chini ya jotoridi fulani, linaloitwa jotoridi la Kondo, spini ya atomi hukoma kuwa huru. Elektroni za metali inayoizunguka hujipanga kuikabili na kuifuta. Pamoja zinaunda hali moja isiyo na spini, ambayo haiwezi kuelezwa kama elektroni hii na ile. Ni hali ya umati.

Nukta yenye elektroni witiri ni atomi ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba iko moja tu, tunajua ilipo, na inakaa kati ya nyaya mbili.

Hapo kuna swali ambalo kila mara huulizwa na anayelisikia jambo hili kwa mara ya kwanza, na ni swali zuri. Kama kwenye dhahabu athari ya Kondo inaongeza ukinzani, inakuwaje kwenye nukta ipunguze? Jibu limo kwenye umbo la njia. Ndani ya dhahabu elektroni ilikuwa inakwenda zake, atomi ya chuma ikaigonga na kuipotosha, na kadiri inavyopotoshwa zaidi ndivyo mkondo unavyopata shida. Kwenye nukta hakuna njia nyingine. Elektroni iliyoko kushoto haiwezi kufika kulia ila kwa kugongana na spini iliyomo ndani. Kugongana ndiko kupita. Kitu kilekile kinachoharibu safari kwenye dhahabu, hapa ndicho daraja.

Namna mlango unavyofunguka

Tusogee karibu. Ndani ya nukta kuna elektroni moja yenye spini ya juu, imetulia chini ya kizingiti, haina nishati ya kutoka. Nje, kushoto na kulia, kuna bahari mbili za elektroni zilizojaa mpaka ukingo. Kwa kukopa nishati, elektroni ya ndani inaruka kwenda kulia. Kabla deni halijadaiwa, elektroni ya kushoto yenye spini ya chini inachukua nafasi. Nishati imelipwa. Chaji moja imevuka kutoka kushoto hadi kulia. Na spini iliyomo ndani imegeuka, ilikuwa juu, sasa iko chini.

Kugeuka huko ndiko kiini. Tukio moja la namna hiyo ni dogo, lakini kwa kuwa spini imebadilika, tukio linalofuata linategemea lililotangulia. Elektroni ya pili inapokuja inakuta kumbukumbu ya ile ya kwanza. Matukio hayajumlishwi kama kokoto kwenye ndoo. Yanashikana, na kushikana kwake kunaongezeka baridi inapozidi. Mwishowe inatokea resonansi nyembamba, yaani nishati moja ambapo elektroni hupita kwa wepesi mno, ambayo inakaa barabara kwenye ukingo wa bahari zote mbili, mahali hasa ambapo elektroni za mkondo zinatoka.

Hapa naomba msomaji asipite haraka. Ngazi ya kawaida, isiyo na msukumano, hukaa kwenye ukingo kwa thamani moja tu ya volteji ya geti. Sogeza geti kidogo, ngazi imehama na mlango umefungwa. Resonansi ya Kondo haihami. Inabaki kwenye ukingo kuanzia mwanzo wa bonde witiri hadi mwisho wake. Ndiyo maana kinachotokea ni uwanda, si kilima kipya. Na kinachoishikilia pale ni U: bila msukumano kusingekuwa na idadi iliyokwama kwenye witiri, bila witiri kusingekuwa na spini huru, na bila spini huru kusingekuwa na resonansi. Ondoa msukumano, utapoteza kizuizi na tiba yake kwa mpigo.

Namba zilizochelewesha miaka kumi

Jotoridi la Kondo linategemea vitu vitatu: U, kina cha ngazi chini ya ukingo, na upana wa ngazi unaotokana na ulegevu wa kuta, ambao kwa desturi huandikwa Γ. Tatizo ni kwamba vitu hivyo vimo ndani ya kipeo. Katikati ya bonde, jotoridi hilo linakwenda kama nusu ya kipeuo cha pili cha Γ mara U, mara e (namba 2.718) iliyopandishwa kwenye hasi π U kugawanya kwa 4Γ.

Weka namba zilizopatikana MIT: U milielektronivolti 1.9, Γ 0.28. Kwa Γ hiyo elektroni hukaa ndani ya nukta pikosekunde mbili na kidogo. Kipimo cha mbele kinatoa milielektronivolti 0.365, sehemu ya kipeo inatoa takriban 0.005, na jibu likigeuzwa jotoridi ni milikelvini 20 tu. Hiyo ni baridi ambayo elektroni za kifaa kwa shida zinaifikia, hata jokofu la heliamu lenyewe likisoma chini ya hapo, maana kelele ndogo inayoshuka na nyaya kutoka juu huzipasha moto.

Sasa legeza kuta mpaka Γ iwe mara mbili, 0.56. Jotoridi la Kondo linaruka hadi zaidi ya milikelvini 400, yaani mara ishirini kwa kulegeza mara mbili. Ukiacha Γ kama ilivyokuwa lakini ukasogea kutoka katikati ya bonde hadi robo ya upana wake, unapata karibu milikelvini 80. Ndiyo maana kwenye vifaa vya kwanza kujaa kulionekana zaidi kwenye miteremko ya bonde kuliko katikati yake.

Kwa nini basi wasilegeze kuta tangu mwanzo? Kwa sababu Γ ikikaribia umbali kati ya ngazi na ngazi, ngazi zinachanganyikana, na ikikaribia U, kidimbwi kinasahau kuhesabu elektroni zake. Nukta za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa kubwa, kwa hiyo U yake ilikuwa ndogo na ngazi zimebanana. Kabla hujalegeza kuta vya kutosha ulishaharibu kila kitu. Tiba ilikuwa kuifanya nukta iwe ndogo. MIT walitumia fuwele ambayo utando wake wa elektroni uko karibu mno na uso, ili mageti yachore kwa ukali zaidi. Nukta ikapungua, U na umbali wa ngazi vikapanda, na hapo Γ ikapata nafasi ya kupumua. Kwa maoni yangu hilo ndilo fundisho kubwa la kiufundi la kisa hiki. Watu waliijua nadharia kwa miaka kumi; kilichokosekana ni nanometa.

Ushahidi

Jotoridi lilitoa ushahidi wa kwanza: katikati ya masafa ya kupoza, upitishaji wa bonde witiri ulipanda kwa mstari ulionyooka ukichorwa dhidi ya logarithimu ya jotoridi. Jotoridi la Kondo lenyewe hutambuliwa pale upitishaji unapofika nusu ya kiwango chake cha juu. Tena, ukichukua mabonde mbalimbali na mipangilio mbalimbali ya kuta, kisha ukagawanya kila jotoridi kwa jotoridi la Kondo la mpangilio wake, vipimo vyote hulala kwenye mkunjo mmoja.

Ushahidi wa pili ni volteji kati ya pande mbili. Upimaji wenyewe hufanywa kwa uangalifu mkubwa. Kwenye milikelvini 100 nishati ya joto ni kama maikroelektronivolti 9, kwa hiyo volteji ya kupimia inabidi iwe maikrovolti chache tu, la sivyo kipimo chenyewe kinaipasha moto hali unayoitafuta. Mkondo unaosomwa hauzidi sehemu ya nanoampea. Ukiiongeza volteji hiyo polepole, kingo za bahari mbili zinatengana, resonansi inapoteza mahali pa kusimama, na upitishaji unaanguka. Kwenye mchoro panabaki ncha nyembamba kwenye volteji sifuri.

Wa tatu ni uga sumaku, na huu ndio unaonishawishi kuliko yote. Uga hutenganisha nishati ya spini ya juu na ya chini. Kama ncha hiyo inatokana na spini kugeuka, basi baada ya kuweka uga, kugeuka kunagharimu nishati, na ncha lazima ipasuke mbili, moja kila upande wa sifuri, umbali kati yake ukiwa mara mbili ya tofauti hiyo ya nishati, iitwayo nishati ya Zeeman. Ilipasuka. Hakuna mshukiwa mwingine aliyekuwa na sababu ya kufanya hivyo.

Hadi kileleni

Vipimo vya 1998 vilionyesha kujaa, lakini si kujaa kabisa. Mwaka 2000 Wilfred van der Wiel na wenzake wa Delft walichapisha mchoro ambao ndio niliouanzia: kifaa kikipozwa hadi milikelvini 15 hivi, bonde witiri likainuka hadi kiwango cha juu kinachoruhusiwa, 2e²/h (hapa e ni chaji ya elektroni, h ni namba thabiti ya Planck), sawa na maikrosimensi 77.5, au ukinzani wa omu 12,906. Elektroni zilizokuwa zinakataana zilipitishwa kana kwamba hapakuwa na kuta wala nukta.

Kufika kiwango hicho kunadai jambo moja zaidi ya baridi: kuta mbili zilingane. Ukuta wa kushoto ukilegea mara nne ya wa kulia, kiwango cha juu kinashuka hadi asilimia 64, hata ungepoza namna gani. Resonansi ipo, imekamilika, ila imeegemea upande mmoja.

Hali ya umati inayofanya kazi hii haiishi ndani ya nukta tu. Inatandaa kwenye utando wa nje kwa umbali unaokua jotoridi la Kondo linapokuwa dogo. Kwa kelvini 1 kwenye galiamu aseniti ni zaidi ya maikrometa moja, mara kumi ya nukta yenyewe au zaidi. Wingu hilo lilipimwa moja kwa moja na kuchapishwa mwaka 2020.

Bonde shufwa

Kanuni ya witiri na shufwa niliyoitumia mpaka hapa ina mwanya, na mwanya wenyewe umechimbwa na msukumano. Elektroni mbili za mwisho kwenye nukta si lazima zishirikiane ngazi moja. Ngazi mbili zikikaribiana vya kutosha, ni nafuu kwa kila moja kukaa kwenye ngazi yake na spini zikaelekea upande mmoja, kwa kuwa zikifanya hivyo zinakaa mbalimbali na kusukumana kwake kunapungua. Ndiyo kanuni ileile ya Hund inayojaza atomi, na Seigo Tarucha na wenzake walikwisha kuiona kwenye nukta za umbo la nguzo mwaka 1996. Katika hali hiyo idadi ni shufwa lakini spini ipo.

Mwaka 2000 Satoshi Sasaki na wenzake, wakitumia nukta ya aina hiyo, walisogeza ngazi zake kwa uga sumaku mdogo mpaka hali yenye spini sifuri na hali tatu zenye spini ya 1, yaani za elektroni mbili ambazo spini zake hazifutani, zikawa na nishati sawa. Bonde shufwa likajaa. Na kwa kuwa hali nne zilishiriki badala ya mbili, nishati iliyoishikilia resonansi ilikuwa kubwa kuliko ile ya kawaida ya elektroni moja isiyo na mwenzake.